Ndani ya Kichwa cha Mbuzi

Jina la Kamanda alijipa mwenyewe, kisha akahakikisha kila mtu analitumia. Alikuwa mkuu wa waongoza wageni kwenye hoteli ya mlimani, hoteli isiyofunga mwaka mzima. Kiangazi wageni walipanda majabali na kuendesha baiskeli kwenye njia za msitu. Mvua zikianza, walivaa mabuti ya mpira wakaenda kutazama maporomoko ya maji. Baridi ikikaza na theluji kutanda mteremko wa juu, walileta watoto kuteleza kwa vigari vya mbao. Msimu wowote ule, aliyewatangulia njiani alikuwa Kamanda, na kilichomtangulia Kamanda ni mdomo wake.

Alikuwa na mdomo, jamani. Akiona mgeni mnene, alimwomba asianguke, asije akaziba bonde. Akimpata mwoga, alimuuliza kama mama yake anajua yuko wapi. Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu, na mwenye kuchekwa naye akajichekesha, maana angefanyaje katikati ya jabali, mbele ya mtu aliyeshika kamba yake? Kwa miaka mingi Kamanda aliamini kwamba watu wale walimpenda.

Wafanyakazi wenzake aliwabandika majina. Kijana mmoja aliyekuja kujifunza kazi alitetemeka magoti siku ya kwanza kushuka kwa kamba. Kamanda akamwacha ananing'inia pale pale katikati, akawaita wapishi na wafua nguo watoke waje waone.

"Mwangalieni," alisema. "Mifupa yote imeyeyuka. Huyu si mtu, ni uji."

Kijana alining'inia mpaka suruali ikalowa. Tangu siku hiyo akaitwa Uji, hata na mlinzi wa geti.

Uji hakuacha kazi. Alijifunza kushuka, akajifunza kupanda, akaomba ruhusa akaenda kusomea mambo ya hoteli, na aliporudi alikuwa meneja wa michezo na burudani. Mwaka huohuo Kamanda alianguka. Si kwamba alikuwa akiokoa mtu. Alikuwa akiigiza mwendo wa bibi mmoja miongoni mwa wageni, watu wanakufa kwa kicheko, naye akizidi kurudi kinyumenyume mpaka ukingo wa jabali ukaisha. Nyonga ilivunjika, ikatiwa chuma, na mguu wa kushoto ukapona ukiwa mfupi kuliko mwenzake.

Alipoweza kutembea kwa fimbo, alikwenda ofisini kwa meneja.

"Shikamoo, mzee," Uji alisema, akamvutia kiti. Hakuwahi kumwita mzee kabla ya siku hiyo.

"Marahaba. Nimekuja kuona kazi yangu iko wapi."

"Mlima ndiyo basi tena, mzee wangu. Lakini siwezi kukutupa. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Uji alifungua kabati, akatoa kichwa cha mbuzi. Kilikuwa kikubwa kama pipa, cha sponji na manyoya meupe, pembe zimejikunja kwa nyuma, mdomo umeshonwa kwenye tabasamu. Mbuzi yule ndiye alama ya hoteli. Alikuwa kwenye taulo, vikombe na mabango. Sasa wakubwa walitaka atembee, apunge mkono, apigwe picha na wageni.

"Sharti ni moja tu," Uji alisema taratibu. "Mbuzi haongei. Hata neno moja. Watoto wakisikia sauti ya mtu mzima humo ndani wataogopa. Utaweza, mzee?"

Kamanda alimtazama akitafuta dalili ya kicheko. Hakuiona. Uji alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu, mikono imekutana mbele, anasubiri jibu la mkubwa wake.

Akakubali. Kazi nyingine asingepata na mguu ule, na alijiambia ni kwa muda tu, mpaka wamkumbuke.

Kiangazi jasho lilimtiririka mpaka kwenye kwato, na kichwa kikanuka soksi. Mvua ziliponyesha, manyoya yalinywa maji, akawa anajikokota kama amebeba godoro bichi. Wakati wa baridi pumzi yake iliganda kwenye kiwavu cha mdomoni alichokitumia kuchungulia, akawa anapunga mkono asijue anampungia nani. Watoto walimvuta mkia. Wengine walimpiga teke kwenye mguu mbovu ili waone mbuzi analiaje, na baba zao wakapiga picha. Waongoza wageni aliowafundisha yeye wakipishana naye walisema, "Meee, Kamanda," kisha wakasimama kidogo kungoja jibu, huku wakijua halitoki.

Nyumbani alifika hoi. Jioni moja alijaribu kumsema Uji kwa mkewe, aliyekuwa amechutama kwenye beseni akifua bitana ya kile kichwa.

"Nikwambie kitu, baba watoto?" mkewe alimkatiza.

"Niambie."

"Miaka yote ile ukirudi ulikuwa unanisimulia ulivyowacheka watu. Unamwiga huyu, unamwiga yule. Ukiwamaliza hao, zamu yangu. Ninavyotafuna, ninavyokoroma, dada zangu wanavyotembea. Mbele ya watoto." Akaikamua bitana, akaikung'uta. "Tangu uvae huyo mbuzi, nyumba imetulia. Watoto wanakula wakashiba. Mimi naomba wasikupe kazi nyingine."

Hakusema kwa hasira. Aliinuka akaenda kuanika.

Msimu wa mvua uliofuata, alikuja mgeni mmoja, mama fundi cherehani, peke yake. Asubuhi moja manyunyu yaliwazuia wageni ndani, naye akaketi kwenye benchi la barazani, karibu na mbuzi aliyekuwa anapumzisha nyonga.

"Wewe huwa husemi, eti?" alimuuliza.

Mbuzi akatikisa kichwa.

"Vizuri. Mimi niliwahi kuja hapa na mume wangu. Tukapewa kiongozi mmoja hivi, mtu wa majivuno, ana mdomo kama choo cha stendi. Nikachoka njiani. Akaniambia mbele ya watu wote kwamba mlima haupandwi kwa makalio. Basi wakacheka. Nikamgeukia mume wangu anitetee, nikamkuta na yeye anacheka. Tena ndiye aliyecheka sana." Alipangusa matone kwenye goti lake. "Yule mume tuliachana. Lakini niliyemchukia ni yule kiongozi. Mpaka leo sijui kwa nini. Nilipopata habari kwamba ameanguka akavunjika, nilifunga cherehani mapema, nikapika vizuri, nikala peke yangu, nikalala usingizi mtamu."

Kamanda aliukumbuka utani ule. Aliutumia kwa wengi. Sura ya huyu mama hakuikumbuka kabisa, lakini alijisikia kama mtu aliyepata mgeni baada ya kufungiwa muda mrefu. Hatimaye mtu anamtaja. Akashika pembe mbili, akakivua kichwa, akakiweka chini.

Mama fundi akashtuka kidogo, akamtazama. Nywele zilikuwa zimelowana zikagandia utosini, mashavu yamebonyea.

"Pole, baba," alisema. "Kumbe humo wamemtia mtu mzima hivi?"

"Hunijui?"

"Nikujue wapi?"

"Ndiye mimi. Kamanda."

Alimchunguza tena, toka paji la uso mpaka kwato, kwa jicho la kupima nguo.

"Hapana," alisema. "Yule alikuwa mrefu."

Nyuma yao mtoto akaangua kilio, kwa kuwa ameona mbuzi aliyekatwa kichwa. Wa pili akadakia, wa tatu akafuata, na Uji akatoka ofisini. Aliinama, akaokota kichwa, akampa Kamanda kwa mikono miwili.

"Vaa, mzee. Unaogopesha watoto."

Kamanda akavaa. Lakini badala ya kurudi uwanjani, alishika njia ya mlimani, bila fimbo, mvua inamnyeshea. Alitaka kufika majabalini, penye upweke, avue manyoya yote na aseme kwa sauti kila alichokuwa amekimeza. Hakufika hata kwenye daraja. Kwenye kona ya kwanza nyonga ikagoma, akaanguka chali, pembe zikazama kwenye tope. Alipiga kelele, na sponji ikazinywa kelele zote.

Waongoza wageni walimfuata na machela ya uokoaji. Mmoja alitaka kumvua kichwa apate hewa, lakini sauti ya Uji ikatoka kwenye redio ya mkononi: wageni wote wako barazani, asivuliwe mpaka afike nyuma ya jiko. Wakambeba hivyohivyo, miguu ya mbuzi inaning'inia. Wageni walipoona msafara unatokeza kwenye ukungu walidhani ni mchezo ulioandaliwa kwa ajili ya siku ya mvua. Walipiga makofi, wakatoka na miamvuli na simu zao, wakatembea sambamba na machela. Mama fundi naye alikuwemo, anacheka kwa kujiachia. Uji akaja ubavuni, akaminya kwato kwa upole.

"Punga mkono, mzee."

Akapunga.

Tangu hapo mbuzi anapotea mlimani kila Jumamosi, iwe jua, mvua au theluji, na kila Jumamosi anaokolewa. Wageni hupanga safari kwa ajili ya tukio hilo. Kamanda hupelekwa juu kwa pikipiki, hulazwa kwenye machela, na wabebaji huvuta sigara kando mpaka waitwe. Mkewe anasema kazi ya kulala inaufaa ule mguu. Humo kichwani, wakati wa kushuka, ameanza tena kusema. Huanza na wageni anaowaona kwenye kiwavu, kitambi cha huyu, matege ya yule, na baadhi ya maneno ni mazuri kweli. Wabebaji husikia kama mtu anayenung'unika ndotoni. Wakikaribia baraza, yule wa mbele hugonga pembe kwa kidole.

"Basi, mzee. Tumefika kwenye watu."

Naye hunyamaza.