Pikipiki ya Miguu Minne Iliyozimika Mlimani

Mlango wa bati wa karakana ulipigwa teke saa nne asubuhi, zana zikatikisika kwenye misumari yake ukutani. Bi Plagi alikuwa ameinamia msumeno wa injini, pistoni mkononi, akiikagua kama mtu anayechagua yai. Hakushtuka. Mateke ya shemeji yake aliyajua.

"Shemeji! Toka nje, kuna kazi!"

Alitoka taratibu, akifuta mikono kwenye kitambaa. Mtaa mzima ulimwita Bi Plagi kwa sababu hakukuwa na injini ya mipigo miwili, iwe ya pikipiki, msumeno au pampu, ambayo ingemshinda. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, marehemu sasa, na alifundishwa kwa mkanda wa feni. Akileta spana namba kumi badala ya kumi na mbili, mgongo ulimjibu. Mzee alipofariki alimwachia karakana, vyombo vyake, na hasira zile zile. Bi Plagi aliwahi kumvunja mkono mteja aliyemshika kiuno, akalala mahabusu siku tatu. Tangu hapo, damu ikimchemka, alirudisha mikono nyuma na kuifunga vidole hadi itulie.

Nje, wakata mawe watatu waliokuwa wakiisukuma pikipiki ya miguu minne waliiacha, wawili wakarudi zao machimboni. Akabaki mmoja, mrefu, mweupe kwa vumbi la mawe kuanzia nyusi hadi viatuni, nyundo ikiwa imechomekwa mkandani. Nyuma ya shemeji alisimama mkewe, mdogo wake Bi Plagi, kajifunika mtandio hadi puani. Bi Plagi aliuvuta mtandio ule chini kwa kidole kimoja. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na mdomo umepasuka.

"Nimejikwaa, dada."

"Umejikwaa kwenye ngumi ya nani?"

Shemeji aliingilia kati upesi. Alikuwa msimamizi wa machimbo ya mawe, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata penye tope. "Hayo ya nyumbani yaache. Jana nilikuwa napanda mlima, tela limejaa mawe. Injini ikazimika ghafla, breki zikashindwa na ule uzito, tukarudi kinyumenyume. Tela likamkanyaga mtu mguu. Umevunjika mara mbili."

"Ni mguu wa ndugu yangu," alisema yule mkata mawe. Ndiyo maneno yake ya kwanza. "Jana nilitaka kummaliza huyu pale pale. Akaniambia mkewe ndiye anayechanganya petroli na oili, na kwamba ametia maji. Nimekuja nisikie kwa fundi. Nikishajua, basi."

"Umesikia, shemeji?" Msimamizi alimkazia macho. "Fungua, useme mbele ya huyu bwana."

Hapo Bi Plagi akaelewa kwa nini mdogo wake ameletwa. Ameletwa ahukumiwe. Alirudisha mikono nyuma, akafunga vidole, akahesabu pumzi tano. Kisha akachukua spana ya plagi.

"Ilizimika vipi? Ilikwama ghafla kama imeshikwa, au ilikosa nguvu kwanza?"

"Ilikosa nguvu, ikalia kwa juu, ikafa."

"Ukiiacha kidogo?"

"Dakika kumi hivi, inawaka. Ikienda kidogo inakufa tena. Tangu juzi ina wazimu huo."

Akapiga kiki kwa mguu, polepole, akiusikiliza uzito wake. Pumzi ya silinda ilikuwa nzuri; pistoni haijakwaruza. Akafungua plagi. Ilikuwa kavu, imepauka. Akaichomeka kwenye kofia ya waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akapiga kiki tena. Cheche ikaruka, ya buluu, nzito.

"Moto upo. Petroli ndiyo haifiki."

"Si nilisema?" Shemeji alimgeukia mkewe, akamsukuma begani hadi akagonga ukuta. "Maji! Umetia maji, mwanamke wewe!"

"Mguse tena," Bi Plagi alisema bila kuinua kichwa, "uone kama hii spana ina macho."

Alikinga gilasi chini ya kabureta, akalegeza skrubu ya bakuli lake la chini. Petroli ikatiririka, ikapungua, ikawa matone, ikakata. Akaiinua gilasi juani ili mkata mawe aione vizuri. Petroli ilikuwa safi, na rangi ya oili ndani yake. Chini hakukuwa na tone la maji.

"Imechanganywa barabara kuliko ninavyochanganya mimi," alisema. "Tangi limejaa, koki iko wazi, na bado haishuki. Sasa sikilizeni."

Akalegeza kifuniko cha tangi. Hewa ikaingia kwa nguvu, fyuuu, kama mtu aliyezibwa pua akaachiwa. Papo hapo petroli ikaanza kumwagika tena kutoka kwenye kabureta, mfululizo, ikimwagikia vidole vyake.

Juu ya kifuniko kulikuwa na mpira mwembamba wa kupitishia hewa. Aliufuata kwa kidole hadi kwenye usukani. Ncha yake ilikuwa imekunjwa na kukazwa kwa waya, mikunjo miwili nadhifu, alama za koleo bado zinang'aa.

"Shemeji, hii waya ulifunga lini?"

"Juzi," alijibu haraka, hata kwa maringo. "Nikipanda mlima petroli inanirukia suruali."

Bi Plagi aliona maneno yale yakimrudia shemeji, uso wake ukibadilika rangi kidogo kidogo.

"Tangi likikosa hewa, petroli haishuki," alisema Bi Plagi, akimtazama mkata mawe. "Ukipumzika, hewa inajipenyeza, inawaka tena. Na oili ya injini hii inasafiri na petroli, kwa hiyo angeendelea wiki moja tu, pistoni ingeungua. Huyu mdogo wangu hana kosa."

"Nilimwambia asifunge," mdogo wake alisema kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana—"

Hakumaliza. Shemeji alinyakua mpini wa jeki kutoka juu ya pipa na kuuzungusha. Bi Plagi aliona chuma kikija, kisha hakuona kitu. Kilimpata sikioni. Alianguka juu ya makopo, damu ya moto ikimshuka shingoni. Kwa mbali alimwona mdogo wake akimrukia mumewe mgongoni, akimng'ata sikio, na mumewe akimbamiza ukutani mara moja, mara mbili, hadi mikono yake ikalegea na akateleza chini.

Mkata mawe alichomoa nyundo. Hakupiga kelele. Alipiga goti moja la msimamizi, pigo moja, na mfupa ukalia kama tawi kavu.

Hapo Bi Plagi alikuwa ameshasimama. Mkononi alikuwa na mnyororo wa pikipiki, na safari hii mikono haikurudi nyuma. Alimcharaza shemeji mgongoni, mabegani, usoni alipogeuka. Shati lilichanika, ngozi ikafuata. Shemeji aliomba, akalia, akataja watoto asiokuwa nao. Bi Plagi alisikia utamu ukimpanda toka tumboni, na hakutaka uishe.

Mkono ukamshika kifundo cha mguu. Mdogo wake alikuwa ametambaa sakafuni hadi pale.

"Dada, basi. Atakufa, halafu wewe ndiye utakayefungwa. Nitabaki na nani?"

Mnyororo ulibaki juu kitambo. Kisha akauachia, ukaanguka kwenye petroli iliyomwagika. Alikaa chini akimpakata mdogo wake, na mkata mawe akaenda barabarani kutafuta gari la kuwapeleka hospitali, watu wote watatu kwenye gari moja.

Bi Plagi alilala mahabusu siku mbili. Mkata mawe alikubali la goti mbele ya askari bila kupepesa jicho, akafungwa miezi minane. Bi Plagi alimpelekea sabuni kila mwezi. Msimamizi alifukuzwa kazi. Sikio la kulia la Bi Plagi halikusikia tena.

Mdogo wake alihamia kwenye chumba cha nyuma ya karakana na kuanza kazi, kwanza kuosha vyuma, baadaye kabureta nzima. Mwaka ulipokaribia kuisha, shemeji alikuja na mkongojo, akasimama mlangoni, akasema amebadilika, mkewe arudi nyumbani.

Mdogo wake alikuwa akipuliza jeti ya kabureta, kichuma chenye tundu dogo. Aliitazama juani kama tundu limefunguka, akaipuliza tena.

"Umesimama kwenye mwanga wangu," alimwambia.

Shemeji akageuka na kwenda. Bi Plagi, aliyekuwa amemgeuzia sikio lile lililokufa, hakujua hata kama kuna mtu alikuja, hadi alipoambiwa wakati wa chakula cha mchana.