Mitaro Iliyongoja Majani

Juma lililopita agronomu wa Leta, yaani bwana shamba wa serikali, alifika mtaani kwetu nyuma ya Kampemba. Alinipa karatasi ya Kifaransa niwasomee kina mama wanaolima mteremkoni. "Papa, bachimbe mitaro, majani itafuata," aliniambia. Niliikunjua palepale, rafiki yangu. Karatasi ya namna hiyo nilishaisoma nikiwa na miaka tisa.

Wakati ule shamba lilikuwa la Kambo, bibi yangu aliyenilea. Alilima kama wazee wake: analaza majani, anayafunika udongo mpaka vinatokea vilima vinene, kila kimoja na mihogo yake. Mimi nadondosha karanga pembeni. Udongo ulikuwa mweusi, ukinukia uyoga mvua ikikaribia. Saa sita tunakula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo palepale, na siku njema kipande cha samaki mkavu wa Pweto.

Akaja agronomu wa enzi hizo, viatu vinang'aa. Alisema vilima vya kienyeji vinapoteza udongo. Vivunjwe, ichimbwe mitaro ya kukinga maji, na Leta italeta majani ya mizizi mirefu ya kushika kingo. Akaacha karatasi. Kambo hakujua kusoma, basi kila asubuhi kazi ikawa yangu.

"Soma tena, mutoto. Majani banaleta lini?"

"Mbele ya mvua, Kambo."

Haikuandikwa hivyo. Agronomu ndiye aliyeyasema maneno hayo kwa mdomo, nami nikajiona mwerevu kuyaongeza. Kambo alivunja vilima vyote kwa jembe lake. Jirani alimcheka, naye akamjibu kwamba Leta haiwezi kuandika uongo.

Mvua ikatangulia majani. Kingo tupu zikapasuka, maji ya mitaro yote yakashuka njia moja, na msimu haujaisha shamba limekuwa korongo. Kambo hakunilaumu. Hakulima tena, alinunua unga mpaka kufa kwake. Nina hasira hadi leo, na nusu ya hasira hiyo najielekezea mwenyewe.

Korongo liko bado, watu wanatupa takataka humo. Harufu ile ya uyoga sijaisikia tena.

Basi nikawasomea kina mama, neno kwa neno, agronomu akiwa kando yangu. Mmoja wao, jembe begani, akauliza: "Majani banaleta lini, Papa?"

Agronomu alifungua mdomo. Nilimtangulia.

"Hapa habakuandika, Mama. Mitaro tutachimba siku tutashika majani mu mikono."