Kilichobaki Tumboni mwa Taban

Gharama yote ya Taban ilikuwa hivi: korodani moja, mizunguko minne ya dawa, nywele zote, na kovu kutoka kifuani hadi chini ya kitovu. Yeye alitaka apunguziwe.

Mimi nilifundishwa kuhesabu siku yangu ya kwanza wodi ya saratani, Arua. Sista mkuu alinikabidhi chupa ya sisplatini, dawa inayoua uvimbe, na inayoharibu figo maji ya dripu yasipotosha. "Soma jina na kipimo," akasema. Nikasoma. "Sasa mwenzako asome kama vile wewe hukusoma." Tangu hapo nahesabu mara mbili, hata vitunguu vya sokoni.

Taban, mnunuzi wa maharage kutoka Koboko, alifika kwetu miaka michache kabla sijastaafu. Uvimbe wa korodani alikuwa ameuita ngiri, akauficha mpaka ugonjwa ukapanda tumboni. Korodani ilitolewa, dawa zikaanza. Baada ya mzunguko wa nne damu ilikuwa safi, haina tena dalili za uvimbe. Lakini picha ya tumbo ilionyesha donge kama limau, limebaki karibu na mshipa mkubwa, na daktari wa upasuaji akataka kulitoa.

"Sista, damu iko safi," akaniambia. "Sasa munanikata ya nini?"

Daktari akamjibu mwenyewe. "Huenda ni kovu tu. Huenda ni uvimbe ambao dawa haiugusi, nao utakua."

"Basi choma na sindano, toa kidogo, angalia."

Nilijua wanunuzi wa nafaka huchoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji, wakaona punje chache. Nikataka kujua zaidi. "Gunia la mtu usiyemjua unalichoma mara ngapi?"

"Ya mutu sijui? Hiyo sichomi, Sista. Namwaga yote kwa turubai. Mawe iko kwa kona."

Akamgeukia daktari. Kisha akamuuliza upasuaji ni siku gani.

Donge lilitolewa lote. Maabara ikakuta kovu, na kwenye kona moja, uvimbe hai wa aina ile isiyosikia dawa. "Kona gani?" Taban akauliza. Sikujua, na mpaka leo ningependa kujua.

Sasa nimestaafu, nalima kijijini Adumi. Majuzi alinipigia simu: ana nguvu, kliniki ya kuangalia kama uvimbe umerudi ameacha. Nikamuuliza amekosa vipimo mara ngapi. Akasema moja. Nikauliza tena, ikawa mbili.

Nauli ya Koboko ninayo. Maneno ndiyo sina, maana lile la gunia nilishalitumia. Ninyi mlio wodini leo, mngemwambia nini mtu anayejiona mzima?