Risasi Alizoshindilia Lukasi

Usipotaka kuniamini, shauri yako, mimi sina cha kukuuzia. Haya ninayokueleza niliyaona kwa macho yangu, jua likiwa bado linawaka, kwenye mbuga za Usangu miaka ile ya hamsini, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Mume wa dada yangu, Lukasi, alikuwa Msangu wa Rujewa, mwindaji wa gobore tangu ujana. Gobore unalijua? Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unaishindilia, kisha unapima kwa vidole ufito wa kushindilia umebaki nje kiasi gani. Swala baruti kidogo, mbogo nyingi. Hiyo ndiyo akili aliyokulia nayo. Sasa mbogo mmoja akaanza kuingia kwenye mpunga wake kule Ubaruku, akaulaza karibu wote, na mpunga ule ndio chakula cha dada yangu na wanawe. Lukasi akaazima kwa mjomba wake bunduki ya kizungu, ile ya risasi za shaba zilizofungwa tayari. Akaitazama risasi moja, akacheka.

"Shemeji, ya swala na ya mbogo zinalinganaje? Huyu Mzungu hajui kupima."

Akazing'oa vichwa, akaongeza baruti ndani, akavirudisha. Nilimwambia nina wasiwasi. Akasema sisi Wahehe tumezidi uoga. Tukashika njia kumfuata mbogo.

Alasiri tulipumzika kando ya mto, tukachoma mihogo. Akatokea mtu mzima amejifunika shuka, kitambaa kimeziba nusu ya uso.

"Kamwene," akasalimia.

Tukaitikia, tukamkaribisha muhogo. Hakuugusa. Akauliza siku hizi baruti ya mbogo tunapima vidole vingapi. Lukasi, kwa kupenda sifa, akamwonyesha zile risasi. Yule mtu akatoa mkono chini ya shuka ili naye aonyeshe kipimo chake, na nakuambia kweli, mkono ule ulikuwa na kidole gumba peke yake.

"Mimi nilipimia huu," akasema taratibu. "Nipe hizo, baba, nikazitupe mtoni."

Lukasi akamwona mwizi, akazirudisha mkobani. Yule mtu akanigeukia mimi kwa jicho lake moja. "Basi tutaonana huko huko," akasema, akashuka kuelekea majini. Baadaye kidogo nilikwenda kuchota maji mahali hapo hapo alipopita. Matope yalikuwa laini kabisa, na hayakuwa na unyayo wa mtu. Nilimwambia Lukasi, akasema twende zetu.

Jua lilipoanza kuinama, mbogo akatoka kwenye matete. Lukasi akapiga goti, akalenga. Ndipo nikamwona yule mtu amesimama kati ya bunduki na mnyama, ameinua mkono wake wa gumba, anatikisa kichwa.

"Shemeji, ngoja, kuna mtu."

"Mtu gani? Mimi namwona mbogo," akasema bila kugeuka, akafyatua.

Komeo la bunduki, kile chuma cha nyuma kinachofungia risasi, lilipasuka likarudi usoni kwake. Mbogo akaenda zake bila jeraha, na mbele yetu hapakuwa na mtu yeyote. Lukasi alikuwa amekaa chini, anautazama mkono wake kwa jicho lililobaki, ananiuliza vidole vyake viko wapi. Nilivitafuta kwenye majani. Mpaka leo sijui nilitaka kuvifanyia nini.

Mjomba wake alikasirika kuliko kusikitika. Alisema ganda la risasi limetengenezwa kubeba baruti ya kiwandani basi, ukizidisha, mshindo unarudi kwako. Watu wa Ubaruku wao hawakushangaa. Walisema yule ni mwindaji aliyeuawa zamani na gobore lake, na huwatokea wanaozidisha baruti. Tangu siku ile hajaonekana tena. Anaonekana mwingine.

Niliwahamishia Lukasi, dada yangu na watoto kwangu Ipogolo, mbali na mbuga. Alasiri Lukasi hulala usingizi mzito, ukimtikisa haamki. Na wawindaji wanaotoka Usangu wanasimulia habari za mtu aliyefunga nusu ya uso, mwenye Kisangu cha Rujewa, anayewaomba risasi zao. Siku wanazozitaja, Lukasi alikuwa amelala nyumbani kwangu. Jioni moja aliamka, akakaa, akanitazama kwa huzuni.

"Shemeji, wamekataa kunipa."

Haukupita muda tukasikia msiba wa mwindaji kule mbugani. Nampenda shemeji yangu, na namwogopa. Dada yangu halali tena chumba kimoja naye.

Kwa hiyo wewe mwenye bunduki, iache risasi kama ilivyotoka kiwandani. Na kama umeshaichokonoa, akaja mtu wa jicho moja akakuomba, mpe. Huyo ni mume wa dada yangu, na kila anaponyimwa hurudi nyumbani amechoka zaidi.