Jina la Nane

Nimehama mara nyingi hata anwani zangu siwezi kuzitaja kwa mpangilio. Majina saba naweza. Ni jina la baba, la babu, na majina ya wanaume watano waliowatangulia. Baba alinifunza kuyasema kwa pumzi moja nilipokuwa nachunga mbuzi kwetu Ukambani. Nimeyasema Mombasa, nimeyasema Dubai, na miaka hii ya Hallonbergen, huku Uswidi, huyasema asubuhi nikisubiri treni ya kwenda kazini, midomo ikisogea ndani ya skafu.

Baba alisema mtu wa nane alitoka mbali, wapi hasa hakujua. Niliposoma kwamba kuna sehemu ya vinasaba ambayo baba humpa mwanawe wa kiume, naye humpa wake, vizazi na vizazi, niliagiza vipimo viwili: kimoja changu, kimoja cha ndugu yangu anayeishi Upplands Väsby. Babu yake na babu yangu walikuwa wana wa baba mmoja, kwa hiyo majibu yetu yangethibitishana.

"Wewe hata kwenye ukoo huwezi kutulia," ndugu yangu alisema, kijiti cha pamba kikiwa shavuni. "Umemaliza nchi za walio hai, sasa unahamia kwa wafu?"

"Sugua na upande wa pili."

"Wakisema mimi ni mzao wa mfalme, mashati yangu utapiga pasi wewe."

Binti yangu, ambaye hunijibu kwa Kiswidi, aliuliza kama naye angepimwa. Nikamwambia kipimo hiki ni cha wanaume; mabinti hawapewi ile sehemu. Akarudi chumbani.

Majibu yalikuja theluji ikiwa imeanza kugeuka matope. Niliyasoma jikoni, koti bado mwilini. Mimi na ndugu yangu hatukuwa wa baba mmoja, hata turudi nyuma vizazi vingi. Hayakusema kasoro iko upande wa nani.

Nilimpigia. Akasema, "Basi Jumamosi nitafute mtu mwingine wa kunibebea kabati?"

Nilijua ni mzaha, lakini kicheko hakikuja. Nilikuwa nimeshaanza kumshtaki nyanya, mama yake baba, naye yuko kaburini. Kama babu si babu, majina sita kati ya saba si yangu, na mimi sina kingine ambacho hakijawahi kuhama.

Nikampigia shangazi, dada yake baba, wa mwisho aliyebaki. Nilimuuliza bila hata kumjulia hali vizuri: nyanya alimzaa baba na nani?

Nilisikia kuku nyuma yake. "Kwani baba yako hakukuambia?"

"Nini?"

"Na ulikaa nyumbani lini hata uambiwe? Haya huambiwa mtu aliyekaa. Wewe kila chai ikiiva ulikuwa umeshafunga mkoba."

Kisha akaniambia. Yule ninayemwita babu alikufa kabla baba hajazaliwa, bila mtoto wa kiume. Mjane wake, mzee tayari, akafanya linaloruhusiwa kwetu: akatoa mbuzi na ng'ombe, akaoa msichana. Msichana huyo ndiye nyanya. Watoto aliowazaa wakawa wa mjane yule na wa marehemu mumewe, kwa jina, kwa shamba na kwa kaburi. Desturi hiyo naijua. Nimeisikia ikisemwa juu ya nyumba za wengine. Kwetu kulikuwa na makaburi mawili ya wanawake, bega kwa bega, na sikuwahi kuuliza.

"Na mwanamume aliyezaa naye?"

"Hakuulizwa jina. Alikuwa mtu wa kupitapita, kama wewe." Alicheka kidogo, kisha sauti ikashuka. "Mwanangu, nyanya yako hakuiba mtoto popote. Aliolewa mchana, watu wakiona. Kama baba yako si wa nyumba ile, basi na mimi nimezeekea kwa watu."

Nilimwomba radhi. Nikamuuliza yule mjane aliitwa nani.

"Waniuliza mimi? Jina si unalo humo ndani kwako?"

Binti yangu alipozaliwa, nilitaka kumpa jina la nyanya yangu; kwetu watoto hupewa majina ya wazee. Baba alikataa kwenye simu, akataja jina jingine na kulirudia mara mbili. Nilikuwa na haraka, nikaandika alilosema bila kuuliza ni la nani.

Jumamosi nilikwenda Väsby na binti yangu. Kabati lilikuwa zito. "Inua upande wako, ndugu," alisema mwenye kabati, nami nikainua.

Kwenye treni ya kurudi niliyasema majina, safari hii kwa sauti. Baada ya baba nilisita, nikalitia la mjane, ndipo nikafika kwa mumewe. Binti yangu alitoa kisikilizi sikioni, akauliza kwa Kiswidi kwa nini namwita.

Nikamwambia asogee. Nikaanza upya, polepole, ili aweze kufuata. Yalikuwa manane.