Flamingo wa Vitambaa vya Harusi

Mjukuu wangu alipokaribia kuolewa, aliniambia hataki maua kwenye vitambaa vyake vya viti. Anataka flamingo. Huku kwetu Lanet, nyanya ndiye humshonea bibi harusi vitambaa, na wakwe wakija hawaangalii viti, huangalia vitambaa.

Kushona najua. Lakini mama aliyekuwa akituchorea mistari ya kufuata na sindano alihamia Salgaa kuuza chakula. Nikasema, si mimi nina macho? Nikachukua kalenda yenye picha ya flamingo, nikapasua pakiti tupu ya unga, nikachora upande wa ndani.

Mjukuu aliangalia, akajishika mdomo.

"Shosho, hii ni kuku imevaa viatu virefu."

"Nyamaza. Angalia shingo."

"Shingo ni ya kuku imeshtuka."

Nilifuta, nikarudia. Kuku tena. Nilikasirika, maana picha nilikuwa naiona vizuri, na mkono wangu si mgonjwa. Lakini nimefuga kuku maisha yangu yote. Nikishaona mdomo na mabawa, kichwa changu kinasema, "Ndege huyo namjua," na mkono unaenda zake bila kuuliza macho.

"Wakwe watasema nimeletea nyumba yao kitoweo," mjukuu akasema, na sasa hakuwa anacheka sana.

Jirani yangu, ambaye hushona nami, akaja kunywa chai. Alikaa ng'ambo ya meza, akaigeuza kalenda aione. Sikuona haja ya kumnyang'anya. Nilichora ikiwa hivyo hivyo, miguu juu, kichwa chini. Basi ndege akapotea kabisa. Ulibaki mstari tu, unateremka, unapinda kama mkono wa kikombe, unarudi. Jicho likitembea kidogo, penseli nayo inatembea kidogo. Neno "shingo" sikulitaja hata moyoni.

"Mama, hayo ni matumbo ya mbuzi unachora?" jirani akauliza.

"Kunywa chai yako."

Nilipomaliza nikaigeuza ile pakiti. Mjukuu aliruka.

"Shosho! Ni flamingo!"

"Kwani uliagiza nini?"

Tulishona kwa uzi wa waridi mpaka ukaisha dukani. Siku wakwe walipokuja, mama mkwe alikataa kuegemea kiti. Alisema hawezi kulalia ndege mzuri hivyo, akakaa wima kama askari mpaka maombi ya kufunga kikao.