Bodi Niliyoisingizia Kifo

Mwanangu, iko siku moja huwa naikumbuka kila nikiona kijana anatupa kebo ya zamani kwa sababu tu haiingii kwenye kompyuta yake mpya. Ilikuwa Doha, miaka ya elfu mbili na kumi ikianza, nami nilikuwa fundi wa maabara katika chuo kidogo cha ufundi. Nilikuwa na umri wako huo, na kichwa kikubwa kuliko hicho chako. Usicheke, nasema kweli.

Nilitoka Tanga na cheti changu cha elektroniki nikidhani nimemaliza elimu yote. Stoo yetu aliishika Mzee Kombo, Mpemba mwenye ndevu nyeupe, aliyekaa Ghuba miaka mingi kuliko niliyokuwa nimeishi duniani. Umeme hakuusomea hata siku moja, ila alikuwa na utaratibu wake: kila bodi ilikaa kwenye boksi lake pamoja na kebo yake, sidii ya programu yake, na karatasi inayosema inakubaliana na kompyuta ipi. Karatasi hizo tulizijaza sisi mafundi, yeye akisimamia. Mimi nilimwona mzee wa makaratasi tu.

Bodi zenyewe zilikuwa za FPGA. Kama huzijui, zina chipu isiyokuja na kazi maalumu. Kazi unaichora wewe kwenye kompyuta, kisha unaimimina ndani ya chipu kwa kebo. Bodi zetu ukizizima, chipu inasahau yote, na lazima umimine upya. Sasa, kila mtengenezaji wa chipu ana programu yake, na matoleo mapya ya programu huacha kuzitambua baadhi ya chipu za zamani. Nazo kebo zetu zilichomekwa kwenye lile tundu refu la printa lenye pini ishirini na tano, ambalo kompyuta mpya hazikuwa nalo tena.

Hayo yote niliyajua. Lakini likizo ya kiangazi ilipofika, niliamua kuipendezesha maabara. Niliweka kompyuta mpya, nikapakia toleo jipya la programu kwenye zote, na ile kompyuta ya mwisho yenye tundu la printa, iliyokaa pembeni, nikaipeleka ghala la chuo kule Umm Salal, nje ya mji, ikasubiri kutupwa. Sikumuuliza mtu. Nilisimama mlangoni nikaitazama maabara yangu, nikajisifu.

Chuo kilipofunguliwa tu, Alhamisi, alikuja Naliaka, dada Mkenya aliyefanya kazi mapokezi katika hoteli moja na kusoma kwetu siku zake za mapumziko. Mradi wake ulikuwa wa lifti ya ghorofa tatu, taa ndogo zikipanda na kushuka, kwenye bodi ya zamani ambayo nyaya zake zote alizilehemu mwenyewe. Alikuwa ameshaumaliza kabla ya likizo. Kilichobaki ni kuuonyesha kwa wasahihishaji Jumapili asubuhi. Hoteli ilimpa ruhusa ya kusoma mwaka ule tu. Akishindwa hapo, basi, masomo yamekwisha.

Nikafungua programu mpya, nikatafuta jina la chipu yake kwenye orodha. Halimo. Nikachomeka kebo kupitia kiunganishi cha USB cha printa, chipu ikakaa kimya, maana viunganishi vile vinajua kuzungumza na printa basi. Papo hapo nilijua kosa liko wapi, na jasho likanitoka na kiyoyozi kinavuma.

"Fundi, shida ni gani?" Naliaka akauliza nyuma yangu. "Si ilikuwa inafanya poa kabla tufunge?"

Na mimi, mwanangu, nikafungua mdomo nikasema, "Bodi imekufa. Labda uliichoma ulipokuwa unalehemu."

Akaiangalia ile bodi, akaiangalia mikono yake. "Woi, kumbe ni mimi nimeiua," akasema. "Na vile nilikuwa makini! Sasa nitaambia meneja nini?" Akaondoka akijifuta macho kwa mtandio. Nilimwacha aende.

Nikaipeleka bodi stoo ifutwe kwenye daftari. Mzee Kombo hakuipokea. Alitoa karatasi kwenye boksi, akaisoma polepole.

"Hapa mwenyewe umeandika: kompyuta ya pembeni, toleo la zamani. I wapi kompyuta hiyo?"

Nikamweleza yote, pamoja na nililomwambia Naliaka. Akaikunja karatasi.

"Kompyuta twaweza kuifuata kesho baada ya sala ya Ijumaa," akasema. "Lakini yule mtoto wa watu keshakwenda zake na kosa lako. Hilo halingoji kesho."

"Mzee, tukiipata kompyuta nitamwambia nimeitengeneza bodi, na yeye atafurahi."

"Kwa hiyo wataka na akushukuru?"

Sijapata kuona aibu kama ile. Alinipeleka mwenyewe hotelini kwa gari lake, jua bado liko juu, akabaki nje. Nilimkuta Naliaka kaunta, nikamwambia kwamba bodi ni nzima, kosa ni langu, na nilisema uongo. Alinisikiliza huku ameshika tabasamu la kazi, maana wageni walikuwa pembeni, lakini macho yalishajaa machozi.

"Nimeshapigia mamangu simu," akasema kwa sauti ya chini. "Nimemwambia msichana wake ameharibu kila kitu. Na wewe ulijua?"

Nikasema ndiyo.

Kesho yake tulikwenda Umm Salal, tukaikuta ile kompyuta chini ya rundo la viti vibovu, vumbi tupu. Ikawaka. Jumamosi Naliaka aliichomekea kebo ya zamani, akamimina mradi wake, na taa zikapanda ghorofa moja baada ya nyingine. Jumapili akafaulu, tena vizuri.

Alinishukuru kwa kubeba kompyuta, kwa adabu zake zote. Ila tangu siku ile, kila nilipomwambia jambo kuhusu kifaa, alinisikiliza, akasema "sawa", kisha akaenda stoo kumuuliza Mzee Kombo, asiyejua umeme. Akafanya hivyo mpaka anamaliza chuo. Liliniuma, na hadi leo linaniuma.

Basi mwanangu, kabla hujapakia toleo jipya, soma orodha ya chipu linazozitambua. Usitupe mashine kuukuu hadi uhakikishe hakuna bodi inayoitegemea. Kifaa kikikataa, angalia kebo, angalia toleo, ndipo useme kimekufa. Hayo ni ya ufundi, na yeyote atakufundisha. Ninalokuusia mimi ni hili: utakosea, na siku hiyo mbele yako atakuwepo mtu asiyejua unachokijua, tayari kuamini lolote utakalomwambia. Mwambie ni wewe, kabla hajaanza kujilaumu. Kompyuta tuliirudisha kwa safari moja ya gari. Imani ya yule dada sikuirudisha.

Mungu akupe ustadi wa kazi na ujasiri wa kukiri. Akulinde usije ukaaminiwa na watu ukawaangusha. Nenda, na radhi zangu unazo.